Kuchonga sanamu ya kusimama kwa njia ya Waolmeki: jiwe, mchanga na maana ya kila mkato

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuchonga kwa mkono sanamu ya mtu aliyesimama, yenye urefu wa sm 20, kwa kufuata kazi na imani za Waolmeki. Hawa waliishi kwenye nyanda za mvua na mabwawa za Veracruz na Tabasco, pwani ya Ghuba ya Meksiko, takriban kati ya mwaka 1200 na 400 KK. Mfano wetu ni Sadaka ya 4 ya La Venta, mji wa kale wa Waolmeki huko Tabasco: sanamu 16 na mashoka ya jiwe 6 vilivyofukuliwa mwaka 1955 vikiwa bado vimesimama wima pale vilipofukiwa, vimepangwa kama watu waliokutana kwa shughuli moja. Leo vimo katika Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, Jiji la Meksiko.

Wengi wakisikia Waolmeki hufikiria vile vichwa vikubwa vya basalti, jiwe gumu la volkano. Vinajulikana 17, na hata kilicho kidogo kina uzito wa tani kadhaa. Ni picha za watawala, ziliwekwa hadharani zionekane. Sanamu ndogo ilikuwa na kazi nyingine: ilishikwa mkononi, ikapakwa rangi nyekundu, kisha ikafukiwa. Mchongaji asiyelijua hilo hutengeneza kitu chenye sura ya Kiolmeki mbele na jiwe bichi mgongoni, wakati za La Venta zimekamilishwa pande zote.

Jiwe

Waolmeki walithamini jiwe la kijani kuliko kitu chochote. Jade yao ilitoka bonde la mto Motagua, Guatemala, mamia ya kilomita kutoka La Venta. Walitumia pia serpentini, jiwe jingine la kijani lililo laini kuliko jade, tena kwa wingi: chini ya viwanja vya La Venta walifukia matabaka ya mawe ya serpentini ambayo uzito wake hukadiriwa kuwa takriban tani elfu moja kwa shimo moja, kisha wakayafunika kwa udongo bila mtu kuyaona tena. Kijani ilikuwa rangi ya maji, ya mche wa mahindi unaochipua na ya pumzi ya uhai. Kwa hiyo jiwe lenyewe lilikuwa na nguvu kabla halijaguswa na mchongaji, na ndiyo maana hatulipaki rangi ya kijani jiwe lisilo la kijani.

Usianze na jade. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 6.5 hadi 7, sawa au karibu sawa na mchanga wa kwazi utakaousugulia, na kazi ya wiki itageuka ya miezi. Tafuta serpentini ya ugumu wa 4 hivi. Kipimo cha haraka: ukucha hauachi alama, kisu cha chuma kinaacha. Kama ukucha unaacha alama, hilo ni jiwe la sabuni. Jiwe la Tabaka, Kisii, ni la aina hiyo. Linafaa sana kwa jaribio la kwanza, ila halishiki kingo kali za mdomo na macho, na tundu la sikio humeguka upesi.

Nunua kipande cha sm 22 × 8 × 5. Kitakuwa na uzito wa kilo 2 na kidogo. Kabla ya kulipa, kiloweshe chote kwa maji, kisha kiache kikauke huku ukikitazama. Ufa huchelewa kukauka, hivyo utauona kama mstari mweusi uliobaki peke yake. Kining'inize kwa kamba na ukigonge kwa sarafu; jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Ufa unaopita mahali pa vifundo vya miguu ni sababu ya kutosha kuliacha jiwe hilo, hata likiwa zuri namna gani.

Jambo la afya halina mjadala hapa. Baadhi ya serpentini ina nyuzi za asbesto, ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Kataa jiwe lenye mishipa inayong'aa kama hariri au inayochambuka kwa kucha. Fanya kazi yote kwa maji, vaa barakoa ya daraja la P3, futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na usiache tope likauke sakafuni. Msumeno wa umeme mkavu usitumike kabisa.

Zana

Waolmeki hawakuwa na chuma. Sanamu zile zote zilitokana na vitu vinne: jiwe la kudonolea, kamba, keekee, na mchanga. Mchanga ndio unaokata. Kamba na keekee huusukuma tu.

Jiwe la kudonolea liwe la basalti au kwazaiti, la mviringo, gramu 300 hadi 500. Kamba iwe ya katani iliyosokotwa vizuri, unene wa mm 2, na uwe na mita kadhaa kwa sababu inalika. Keekee ya uta, yaani inayozungushwa kwa kamba ya uta, inatosha. Kwa matundu makubwa weka kijiti cha mwanzi chenye uwazi ndani, upana wa mm 6, na kwa matundu madogo kijiti kigumu kilichochongwa ncha. Mchanga wa mtoni wenye kwazi uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha uchekeche upate ngazi mbili: chembe za nusu milimita kwa kukata, na zilizo laini zaidi kwa kusafisha. Kilo 3 zitakutosha. Ukiwa na haraka unaweza kutumia bomba jembamba la shaba badala ya mwanzi na tupa badala ya jiwe la kusugulia. Umbo halitaharibika kwa hilo, ila utaacha mikwaruzo iliyonyooka ambayo itakugharimu muda kwenye kung'arisha.

Vipimo

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Mchongaji aliyezoea mwili wa kawaida hufanya kichwa kiwe sehemu ya saba ya urefu. Kwa Waolmeki kichwa ni robo na zaidi, na kimerefushwa kwenda juu. Watu wao wa tabaka la juu walifungwa vichwa utotoni ili fuvu likue hivyo, na kichwa kirefu chenye kunyolewa kinakumbusha hindi lililosimama kwenye bua.

Kwa sanamu ya sm 20 gawa hivi: kichwa sm 6 kutoka utosini hadi kidevuni, shingo nusu sentimita, kiwiliwili sm 7, nyonga hadi nyayo sm 6.5. Upana wa kichwa uwe sm 3.8 na kina chake, kutoka pua hadi kisogo, sm 4. Mabega sm 6.5. Unene wa kifua sm 3. Mstari wa macho upite sm 3.3 chini ya utosi, yaani uso wote ukae kwenye nusu ya chini ya kichwa na juu yake pabaki paji tupu, refu, laini.

Magoti yakunjwe kidogo, nyuzi 10 hadi 15, na kiwiliwili kiegemee mbele kidogo sana. Mikono ining'inie ubavuni bila kushika kitu. Usichonge misuli. Hakuna kifua kilichogawanyika, hakuna mbavu, na vidole vinaonyeshwa kwa mistari tu au vinaachwa. Mwili huo uliotulia, usio na umri wala jitihada, umekusudiwa hivyo. Wataalamu wengi huuona kama mwili wa mtu aliye katika ibada au aliyetulia ili nafsi yake ivuke kwenda upande mwingine.

Chora umbo la mbele na la ubavu kwa ngeu (udongo mwekundu), pande zote nne, ukiacha mm 3 za ziada kila mahali na mm 5 kwenye pua na midomo.

Kudonoa na kukata

Weka jiwe juu ya mfuko wa turubai uliojaa mchanga, usiliweke juu ya mbao wala chuma. Donoa kwa mapigo mafupi ya wima, ukiondoa unga badala ya vipande. Pigo la mshazari hung'oa kigae na mara nyingi kigae hicho kimo ndani ya mstari wako. Kila pigo huacha jeraha jeupe linaloingia ndani ya jiwe mm 1 hadi 2. Ukidonoa mpaka kwenye mstari, majeraha hayo yatatokea kama madoa meupe baada ya kung'arisha, na hayaondoki ila kwa kupunguza sanamu nzima. Acha kudonoa mm 2 kabla ya umbo la mwisho, kisha endelea kwa kusugua tu.

Uwazi kati ya mikono na ubavu, na kati ya miguu miwili, hutengenezwa kwa kutoboa kisha kupitisha kamba. Toboa tundu moja kwapani na moja kwenye pacha ya miguu. Anza mbele, fika katikati, geuza, malizia kutoka nyuma. Anayetoboa upande mmoja mpaka mwisho humegua duara zima upande wa pili. Mimina uji wa mchanga na maji, na uubadilishe kila unapogeuka mzito na wa kijivu, kwa maana hapo chembe zimeshasagika na unasugua bure.

Pitisha kamba kwenye tundu, ivute mbele na nyuma huku msaidizi au chupa iliyotobolewa ikidondosha maji ya mchanga. Vuta kwa mkono mwepesi, maana ukikaza sana kamba inabana na kukatika. Mkato wa urefu wa sm 5 usiuhesabu kwa dakika. Ukisimama, toa kamba kabla tope halijakauka ndani.

Miguu iache iwe ya mwisho kutenganishwa. Vifundo ndivyo vinavyovunjika katika karibu kila kazi ya kwanza, kwa sababu mchongaji hutenganisha miguu mapema kisha anaendelea kudonoa kichwa, na mshtuko wote unashukia sehemu nyembamba kuliko zote. Maliza kichwa na mabega kabisa, ndipo ufungue miguu, na kifundo kisipungue unene wa mm 11.

Uso

Tenga muda mwingi kwa sehemu hii kuliko nyingine yoyote. Kwanza amua unachonga nani: mtu, au nguvu isiyo mtu. Sanamu za Sadaka ya 4 ni za watu. Vichwa vyao ni virefu na laini, bila mpasuko. Ukitaka nguvu, mfano wako uwe shoka la Kunz lililopo katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, New York: kichwa kinachukua karibu nusu ya jiwe, utosi umepasuka katikati, na mikono imeshika shoka dogo kifuani. Kuchanganya mpasuko wa lile na mwili mwembamba wa hizi ni kosa linaloonekana sana kwenye nakala za madukani.

Mpasuko huo wa umbo la V una uzito wake. Ni ardhi inayofunguka, na kwenye michoro mingi chipukizi la mahindi hutoka humo humo. Wengine huuhusisha na mfereji ulio juu ya kichwa cha jagwa, chui mkubwa wa Amerika. Maelezo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja, kwa kuwa jagwa ni mnyama wa mapango na maji, na mapango ndiyo mlango wa ndani ya ardhi yanakotoka mahindi na mvua. Ukiuchonga, uanze kwa mkato wa kamba katikati ya utosi, kina cha mm 8, kisha upanue pande mbili kwa jiwe jembamba la kusugulia.

Kwa uso wa mtu, anza na matundu, mistari ifuate. Toboa vishimo vinne kwa kijiti chenye ncha: pembe mbili za mdomo na tundu mbili za pua, kila kimoja kina cha mm 3. Vishimo hivi huonekana waziwazi kwenye sanamu za kale, na ndivyo vinavyofunga vipimo vya uso mzima. Umbali kati ya pembe za mdomo uwe mm 17 na pembe hizo zishuke mm 4 chini ya katikati ya mdomo. Sasa unganisha kwa mkato. Mdomo wa juu ni mnene na umeinuka, kama unavutwa na pua. Ule wa chini ni mwembamba. Fizi huonekana, meno kwa kawaida hayachongwi.

Mdomo huo ulioinamia chini ndiyo alama kuu ya sanaa nzima ya Waolmeki. Ni mdomo wa jagwa anayenguruma na wa mtoto mchanga anayelia kwa wakati mmoja. Msanii na mtafiti wa Meksiko Miguel Covarrubias alionyesha kwa michoro jinsi mdomo huo ulivyoendelea kwenye miungu ya mvua ya watu waliokuja baadaye. Ukitaka kuuona mtoto huyo kwa ukaribu, tazama sanamu ya Las Limas iliyogunduliwa mwaka 1965 na kuhifadhiwa Xalapa, Veracruz: kijana wa jiwe la kijani, urefu wa sm 55, ameketi amebeba mikononi kichanga chenye mdomo ule na kichwa kilichopasuka. Mabegani na magotini mwa kijana zimechorwa kwa mistari myembamba nyuso nne za upande, kila moja tofauti. Nyuso nne kwenye pembe na kichanga katikati: ndiyo picha ya ulimwengu wenye pembe nne na kitovu, na imewasaidia wataalamu kutenganisha nguvu mbalimbali zilizoaminiwa.

Waolmeki hawakuacha maandishi yanayosomeka. Bamba la jiwe liitwalo Cascajal lina alama 62, na hakuna aliyezifasiri kwa namna iliyokubalika. Kwa hiyo maana tunazotoa hapa zimetokana na vitu vitatu: mahali sanamu zilipowekwa, alama zinazorudi kwenye vitu vingi, na imani za Wamaya na Waazteki waliowafuata. Anayekuambia kwa uhakika sala iliyosemwa juu ya sanamu amebuni.

Pua iwe pana na bapa, mashavu yajae, taya liwe zito. Mitandaoni, na hasa kwetu Afrika Mashariki, utakutana na dai kwamba midomo na pua hizo zinathibitisha Waafrika walivuka bahari wakachongwa huko. Hakuna kifaa wala mfupa wa Afrika uliopatikana kwenye tabaka za Kiolmeki, na sura hizo wanazo wenyeji wa Veracruz na Tabasco hadi leo. Ichonge pua hiyo kama ilivyo, kwa heshima ya watu waliokuwa nayo.

Macho ni membamba, urefu wa mm 9, yamelala mshazari. Usichonge mboni. Masikio ni vipande virefu vya pembe nne. Toboa ndewe mm 2 kutoka pande mbili wakati sikio lingali na unene wa mm 5, ndipo ulipunguze.

Kung'arisha

Tumia msasa wa maji namba 120, 220, 400, 600, 1000, 2000, kwa mpangilio huo bila kuruka. Kila namba isugue kwa mwelekeo unaokatiza ule uliotangulia, kausha jiwe, litazame kwa taa iliyolala ubavuni, na usisonge mbele mpaka mikwaruzo ya zamani imekwisha. Jiwe lenye maji huficha makosa yote. Likikauka ndipo husema kweli. Kwenye mashimo ya mdomo na kwapani tumia kijiti laini chenye kitambaa na mchanga uliosagwa kama unga. Angalia kingo za mdomo: msasa uliofungwa kwenye kidole huzilainisha mpaka uso unakuwa wa mtu yeyote tu. Funga msasa kwenye kipande bapa cha mbao unapopita hapo.

Jina lako na mwaka chora chini ya nyayo ukiwa umefika namba 400, kwa kina cha nusu milimita, ili ung'arishaji usivifute. Usiifanye sanamu ionekane ya kale kwa tope au tindikali. Vitu vya kale vya Meksiko ni mali ya taifa kwa sheria ya mwaka 1972, na soko limejaa vya bandia. Nakala isiyo na alama ya mchongaji inaongeza uchafu huo.

Mng'ao wa namba 2000 unatosha. Nta ya nyuki ni lazima kwa jiwe la Kisii, kwa kulipasha moto wa kadiri na kupaka kidogo. Serpentini iliyosuguliwa vizuri haihitaji.

Nyekundu na kusimama

Waolmeki walipaka vitu vyao vitakatifu sinabari, unga mwekundu uliotokana na madini yenye zebaki. Mara nyingi nyekundu hiyo bado imebaki kwenye mistari iliyochorwa. Usitumie sinabari, ni sumu. Saga ngeu iwe unga laini, changanya na maji kidogo, paka kwenye mikato ya mdomo, macho na kati ya vidole, kisha futa juu kwa kitambaa kikavu. Nyekundu kwenye kijani huonekana mara moja kama damu na uhai, na mikato uliyofikiri ni mirefu ya kutosha itakuonyesha ilipo hafifu.

Nyayo ni ndogo na magoti yamekunjwa, kwa hiyo sanamu nyingi hazisimami vizuri zenyewe. Usizipe kibao cha chini kwa gundi. Zile za La Venta zilisimamishwa kwa mchanga. Wenye kuzika waliweka juu yake sakafu za udongo wa rangi mbalimbali. Baadaye mtu alichimba tundu moja kwa moja mpaka kufika vichwani, akaangalia, akalifukia tena. Walijua mahali hasa. Katika kundi lile, sanamu moja tu ni ya jiwe la chembechembe lisilo la kijani, nayo imeegemea mashoka sita yaliyosimama kama nguzo, ikitazama nyingine zote. Mashoka yalikuwa mahindi ya jiwe na chombo cha kufyekea shamba kwa pamoja, na baadhi yake yalikatwa kutoka kwenye kitu cha zamani zaidi kilichokuwa na michoro.

Tengeneza trei ya mbao yenye kina cha sm 5, jaza mchanga mkavu uliochekechwa, na zamisha nyayo mm 8 hadi 10, usifike kifundoni. Kama inaelekea mbele, usiikate nyayo. Ongeza mchanga chini ya vidole na uushindilie kwa kijiti. Ukichonga shoka la kuiweka nyuma yake, lipe urefu wa sm 25, upana wa sm 4 na unene wa sm 1.5, na theluthi moja iingie mchangani, kwa hiyo sehemu hiyo ya trei iwe na kina cha sm 9.